Kipokezi: Jina Lililotangulia Kitu

Desturi ya lugha ni kwamba kitu huonekana kwanza, kisha hupewa jina. Katika elimu ya dawa mambo yalikwenda kinyume. Neno kipokezi, yaani ile sehemu ya seli ambayo dawa hushikamana nayo ili itende kazi yake, lilikuwa na umri wa miaka 70 hivi kabla kitu chenyewe hakijapata kutengwa katika maabara. Kwa hiyo historia ya njia za kuchunguza vipokezi ni historia ya neno lililokuwa likingoja ushahidi wake.

Mwaka 1878 John Newport Langley wa Cambridge alichunguza utokaji wa mate ya paka. Pilokapini huyachochea mate, atropini huyazuia, na kila moja yaweza kuishinda nyingine kwa kadiri ya kipimo chake. Langley akakisia kwamba ndani ya tezi pana kitu ambacho dawa zote mbili huungana nacho. Mwaka 1905 alifanya majaribio kwa misuli ya kuku. Hata mishipa ya fahamu ilipokwisha kukatwa na ncha zake kufa, nikotini iliukaza msuli, na kurare, ile sumu ya mishale ya Amerika ya Kusini, iliizuia nikotini. Lakini msuli uliotiwa kurare ulipoguswa kwa umeme, ulijikaza vilevile. Basi dawa hizo hazikutenda kazi katika mshipa, wala katika nyuzi zinazojikaza. Hapana budi palikuwa na kitu cha tatu. Langley alikiita dutu ipokeayo.

Neno reseptori, lenye mzizi wa Kilatini wa kupokea, lilitoka Ujerumani mwaka 1900 kwa Paul Ehrlich na Julius Morgenroth. Hao walilikusudia kwa sumu za vijidudu, si kwa dawa. Ehrlich alisita, kwa kuwa dawa nyingi huoshwa kwa urahisi zikatoka katika seli. Hata mwaka 1907 ndipo alipokubali kulipanua neno lake.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya kupima. Mwaka 1926 A. J. Clark aliuonyesha uhusiano kati ya kipimo cha asetilikolini na mwitikio wa moyo wa chura, akaueleza kwa hesabu ya vipokezi vilivyokaliwa na dawa. Mwaka 1948 Raymond Ahlquist wa Marekani alilinganisha nguvu za dawa kadhaa za jamii ya adrenalini katika viungo mbalimbali. Aliona zikijipanga kwa namna mbili tu, akasema vipokezi ni vya aina mbili, alfa na beta. James Black wa Uingereza aliifuata tofauti hiyo, na katika miaka ya 1960 akapata propranololi, dawa izuiayo vipokezi vya beta na kuupunguzia moyo mzigo wake. Wagonjwa walipata nafuu kwa kitu ambacho hakuna aliyepata kukiona. Ahlquist mwenyewe, mwaka 1973, aliandika kwamba kwake vipokezi ni wazo tu la kuelezea yanayoonekana katika viungo.

Lakini wakati huo ushahidi ulikuwa umeanza kuja. Njia mpya ilikuwa kuitia dawa alama ya unururifu. Tando za seli husagwa, huchanganywa na dawa hiyo, huchujwa na kuoshwa upesi, kisha unururifu uliobaki juu ya chujio huhesabiwa. Taabu yake ni kwamba dawa hunata popote, hata penye karatasi. Kwa hiyo jaribio hurudiwa pamoja na dawa nyingi isiyo na alama, ambayo huijaza nafasi ya vipokezi. Kinachobaki ni mnato wa ovyo, nacho huondolewa katika hesabu. W. D. M. Paton na H. P. Rang walitumia atropini yenye alama mwaka 1965. Mwaka 1973 Candace Pert na Solomon Snyder walionyesha kwa njia hii vipokezi vya afyuni katika ubongo. Tayari mwaka 1970, huko Paris, Jean-Pierre Changeux na wenzake walikuwa wamekitenga kipokezi cha asetilikolini kutoka kwa samaki wa umeme, kwa msaada wa sumu ya nyoka wa Asia. Jeni ya kipokezi cha beta ilisomwa mwaka 1986, na umbo lake likaonekana mwaka 2007. Robert Lefkowitz na Brian Kobilka walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2012.

Kwa Kiswahili, pokea huzaa mpokezi kama lea izaavyo mlezi. Kiambishi ki- humwondoa mtu na kuleta chombo. Neno hili, basi, lakata shauri ambalo Langley aliliacha wazi: dutu haihesabiki, bali vipokezi huhesabika. Katika hilo Kiswahili kimepatia. Lakini laficha jambo moja. Mpokezi wa barua aweza kuketi tu. Kipokezi hubadili umbo lake na kuupeleka ujumbe ndani ya seli, na vingine hutenda kazi hata pasipo dawa. Jina limesema nusu ya kweli, na nusu hiyo ilitosha kuwaelekeza watafutaji. Kama waunda istilahi wangengoja mpaka kitu kionekane, Black asingalikuwa na neno la kukitajia alichokuwa akikitafuta.