Kromatini: Jinsi jeni zinavyofungiwa ndani ya seli

KARIBU kila seli ya mwili wa binadamu hubeba DNA yenye urefu wa takriban mita 2, ilhali kiini kinachoihifadhi hakionekani kwa macho. Uzi huo hutoshea humo kwa kuzungushwa kwenye mafundo ya protini ziitwazo histoni, nane kwa kila fundo. DNA pamoja na protini hizo ndiyo kromatini.

Kubanwa huko hakuokoi nafasi tu. Jeni iliyo mahali palipokazwa haisomeki kwa urahisi, kwa kuwa protini za kuinakili haziifikii, palipolegea husomwa. Seli ya ini na ya ubongo zina DNA ile ile, lakini kilichoachwa wazi katika moja kimefungwa katika nyingine. Histoni zikibandikwa kemikali ya asetili, kromatini hulegea. Vimeng'enya vikiibandua, hukaza tena.

Nchini Tanzania, ambako maelfu ya watoto huzaliwa na selimundu kila mwaka, jambo hili si la maabara pekee. Mtoto awapo tumboni hutumia himoglobini ya kichanga, isiyoguswa na kasoro ya ugonjwa huo. Baada ya kuzaliwa jeni zake hunyamazishwa, na himoglobini ya utu uzima, ndiyo yenye kasoro, hushika nafasi. Ndiyo sababu dalili huchelewa kwa miezi kadhaa.

Mwaka 2008 watafiti nchini Marekani walionyesha kuwa protini BCL11A ndiyo mnyamazishaji mkuu. Baadaye ilibainika kwamba huita vimeng'enya vinavyobandua asetili, na kromatini ya eneo hilo hukazwa. Jeni za kichanga, basi, hazijafa; zimefungiwa tu.

Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba inayokata swichi ya BCL11A katika seli za uboho za mgonjwa, kisha seli hizo hurudishwa mwilini baada ya dawa kali za kusafisha uboho. Bei yake ilipotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2, kiasi ambacho ni ndoto kwa mzazi wa Mwanza au Kisumu.

Kwa wengi, dawa iliyo karibu zaidi ni haidroksiurea, ambayo nayo huongeza himoglobini ya kichanga. Humezwa kila siku, na mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara.