Lugha ya Mwenyeji na Biashara ya Mgeni: Chuo cha Toa Dobun Shoin, Shanghai, 1901–1945

Lugha na biashara zimeandamana tangu kale, na wataalamu wa Kiswahili hawahitaji kukumbushwa jambo hilo. Ambalo halijachunguzwa vya kutosha ni namna wanafunzi wa biashara walivyofundishwa lugha za watu waliokusudia kufanya biashara nao, na yale ambayo mafunzo hayo yaliwaletea wenye lugha wenyewe.

Kihistoria zimekuwapo njia mbili. Ya kwanza ni kumleta msemaji kwa mwanafunzi. Ndiyo iliyofuatwa na Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin, iliyofunguliwa mwaka 1887. Humo maofisa, wamishenari na wafanyabiashara wa Kijerumani walisomeshwa Kiswahili kwa msaada wa wenyeji wa pwani, kama vile Amur bin Nasur wa Unguja na, baada yake, Mtoro bin Mwinyi Bakari aliyetoka Bagamoyo. Njia ya pili ni kumpeleka mwanafunzi akaishi kwa wasemaji. Mfano wake mkubwa ni Toa Dobun Shoin, chuo cha Wajapani kilichokuwa Shanghai, nchini Uchina. Makala haya yanaishughulikia njia hiyo ya pili, kwa kuwa ndiyo isifiwayo zaidi na walimu wa lugha.

Asili ya chuo hicho ni duka la dawa ya macho. Kishida Ginko, mfanyabiashara wa Kijapani, alikuwa na duka Shanghai lililoitwa Rakuzendo. Tawi lake la Hankou liliongozwa na ofisa wa jeshi, Arao Sei. Kutoka tawi hilo vijana wa Kijapani walivaa mavazi ya Kichina, wakasafiri mikoani wakiuza dawa na vitabu, huku wakiandika habari za nchi. Mwaka 1890 Arao alifungua Shanghai taasisi ya kufunzia vijana Kichina na taratibu za biashara ya Uchina. Taasisi hiyo haikudumu. Ilifungwa mwaka 1893, na vita vya Japani na Uchina vilipozuka mwaka 1894 wengi wa wahitimu wake walichukuliwa kuwa wakalimani wa jeshi. Baadhi walitumwa upelelezi, wakakamatwa na kuuawa. Tangu mwanzo, basi, elimu iliyotafutwa kwa ajili ya soko iliitwa vitani.

Toa Dobun Shoin yenyewe ilianzishwa na chama cha Toa Dobunkai, kilichoundwa mwaka 1898 chini ya Konoe Atsumaro. Chuo kilianza Nanjing mwaka 1900, kikahamishiwa Shanghai mwaka 1901 kwa sababu ya machafuko ya wakati huo. Mkuu wake, Nezu Hajime, alikuwa mwenziwe Arao. Wanafunzi wengi waliteuliwa na mikoa ya Japani na kulipiwa gharama za masomo. Somo la biashara ndilo lililowavuta wengi, na Kichina ndicho kilichokuwa uti wa mgongo wa masomo yote.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa na mwanaisimu. Kichina kilichofundishwa kilikuwa cha Beijing, ilhali wenyeji wa Shanghai husema lugha ya jamii ya Wu, ambayo mtu wa Beijing haielewi bila kujifunza. Mwanafunzi alizungukwa na Wachina, lakini hakuzungukwa na lugha aliyotahiniwa. Hivyo mazingira ya lugha yalibidi kutengenezwa ndani ya ua wa chuo. Wanafunzi wa madarasa ya juu waliwakaririsha wageni matamshi na toni kwa sauti kuu, na walimu wa Kichina na wa Kijapani walishirikiana kusomesha. Chuo kilitunga hata vitabu vyake chenyewe vya kufundishia. Kwa hiyo kuishi katika nchi ya lugha si sawa na kuishi katika lugha. Mwanafunzi wa Kiswahili sanifu anayepanga chumba Nairobi na kukuta majirani wakisema Sheng anakabiliwa na jambo lilo hilo.

Aliyetaka kuitumia lugha hiyo kwa kweli alingoja safari. Tangu mwaka 1907 kila darasa lilitakiwa, kabla ya kuhitimu, kufanya safari kuu ya utafiti. Vikundi vya wanafunzi wachache vilikwenda kwa miguu, mashua, punda na reli kwa miezi kadhaa, hata mikoa ya mbali na nchi jirani. Waliuliza bei, vipimo, sarafu, mazao, njia za uchukuzi na desturi za vyama vya wafanyabiashara, kisha kila mmoja akaandika ripoti. Ripoti hizo zilikuwa msingi wa vitabu vikubwa vya jiografia na uchumi wa Uchina, ukiwamo mfululizo wa majuzuu 18 uliochapishwa kati ya 1917 na 1920. Kwa ufundishaji wa lugha, ni vigumu kupata zoezi lililo bora zaidi: mwanafunzi hawezi kujua bei ya chumvi pasipo kuzungumza na muuza chumvi.

Lakini muuza chumvi hakuulizwa kama aliridhika. Ripoti zilifikishwa kwa serikali ya Japani, na kadiri Japani ilivyozidi kuingilia Uchina ndivyo wanafunzi walivyozidi kutiliwa shaka njiani. Wamo waliopinga mwelekeo huo, na mnamo 1930 baadhi yao walikamatwa kwa siasa zao. Vita vilipoenea mwaka 1937 majengo ya chuo yaliteketea, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakapelekwa jeshini kuwa wakalimani. Mwaka 1939 chuo kilipandishwa daraja kuwa chuo kikuu. Mwaka 1945, Japani iliposhindwa, kilifungwa.

Kilichosalia ni kadi. Walimu wa chuo walikuwa wamekusanya kadi zaidi ya 100,000 za kamusi ya Kichina na Kijapani, nazo zilitwaliwa na Wachina vita vilipokwisha. Mwaka 1954 Uchina ilizirudisha Japani. Chuo Kikuu cha Aichi, kilichoanzishwa mwaka 1946 na waliokuwa walimu wa Shanghai, kilizitumia kutunga kamusi kubwa iliyotoka mwaka 1968. Wenyeji waliokuwa wamedhurika ndio waliowezesha kazi hiyo kukamilika.

Berlin nako kulitokea jambo la namna hiyo. Madhumuni ya seminari yalikuwa kuwahudumia wageni waliokuwa wakienda makoloni. Hata hivyo, kinachosomwa hadi leo ni maandishi ya wenyeji, hasa *Desturi za Wasuaheli* ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, iliyochapishwa mwaka 1903 kwa uhariri wa Carl Velten.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Historia ya Shanghai yaonyesha kwamba mgeni aweza kuja, akajifunza lugha barabara, na mwenyeji asipone. Kasoro haikuwa katika mbinu za kufundishia, kwani mbinu zilikuwa bora. Kasoro ilikuwa kwamba masharti ya masomo yaliwekwa na upande mmoja tu, nayo matokeo ya utafiti yakaenda upande huo huo. Idara za lugha za Afrika ya Mashariki zinazopokea wanafunzi wa biashara kutoka ng'ambo hazina budi kuamua mapema ni nani atakayetunga mtaala, ripoti zitaandikwa kwa lugha gani, na nakala zitabaki wapi. Ripoti ya soko la Kongowea au Gikomba iliyoandikwa kwa Kiswahili na kuwekwa katika maktaba ya hapa ni mali ya Kiswahili. Ikiondoka na mwandishi wake, Kiswahili kitakuwa kimetumika kama punda, azoeaye kubeba mzigo asioujua.