Kanuni ya Seyyid Barghash

Seyyid Barghash bin Said alikalia kiti cha enzi cha Zanzibar mwaka 1870, na katika mambo ya anasa hakuwa mtu wa kubana mkono. Alileta mjini maji ya bomba na mtambo wa kuchapa vitabu, kisha mwaka 1883 akajenga jumba la Beit al-Ajaib. Tusisahau fedha za kugharimia hayo zilitoka wapi: forodhani, na kwenye karafuu zilizochumwa na watumwa.

Jumba kubwa halinogi bila muziki. Wazee wa taarab husimulia kwamba Seyyid alitamani alichokisikia Misri, akaleta wapigaji kutoka huko. Haikumtosha. Akamtuma kijana wa Unguja, Mohamed bin Ibrahim, aende Cairo kujifunza kanuni.

Si ala ya kujifunza kwa pupa. Huwekwa magotini au mezani, nyuzi zake zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti, na mpigaji huvaa pete katika vidole vyote viwili vya shahada, kila pete imebana kijiti cha kudonolea. Kuitia sauti tu ni kazi. Mohamed aliporudi akawafundisha wenzake, na kasri likapata kikundi chake.

Lakini nani aliwasikia? Ndugu wa mfalme, mabalozi, matajiri waalikwa. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu, na mkaazi wa Ng'ambo, upande wa mji wa watu wa kawaida, hakuwa na kiti katika baraza ile.

Barghash alifariki mwaka 1888. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa, nao pia wakaanza kwa kuimba Kiarabu. Aliyeufungua mlango hasa ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyewahi kutembeza vyungu mitaani. Aliimba Kiswahili, akaimba habari za mahakama na za wanyonge, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice. Kulipia walimu na ala, Barghash alifanya. Kuifanya taarab ya Waswahili, hiyo ni kazi ya Siti na wenzake.

Usultani ulipinduliwa Januari 1964. Ikhwani Safaa haikufa nao: mwaka 2005 ilitimiza miaka 100, na kanuni ikiwa bado jukwaani.