Mtama Ulivyopimwa Nje ya Tumbo

Kuanzia Kibwezi hadi Mtito Andei, mpakani mwa mbuga ya Tsavo, mvua ya kutegemea ni ya vuli, na ikikata mapema mahindi hufia shambani. Ndiyo maana watafiti wa kituo cha Kiboko, juu kidogo kwenye barabara ya Mombasa, hawajaacha kushughulikia mtama. Husemwa kwamba watu waliukimbia kwa sababu mahindi ni matamu zaidi. Huenda, lakini naona wataalamu nao waliuhukumu vibaya, kwa kuwa kwa muda mrefu walipima punje na kusahau sufuria.

Mbegu ya Serena, iliyozalishwa Serere nchini Uganda, ilisifiwa kwa punje zake za kahawia ambazo ndege huzikwepa. Kinachowakimbiza ni tanini, nayo hushikamana na protini tumboni mwa mlaji. Hata hivyo tanini si kosa lote. Panya wa maabara walimeng'enya mtama vizuri, ila mwaka 1981 yalichapishwa majaribio ya watoto wadogo nchini Peru: mwilini iliingia asilimia 46 tu ya protini ya mtama uliopikwa, wakati ya ngano ilifika 81. Mwaka huohuo John Axtell wa Chuo Kikuu cha Purdue na wenzake walichanganya unga na pepsini, kimeng'enya cha tumboni, ndani ya chupa. Unga mbichi ulimeng'enywa sana; uji wake, kidogo. Halafu wakapima vyakula vya Sudan vilivyochachushwa, abrey na nasha, na kipimo kikapanda tena. Kumbe moto hukaza protini ya mtama, na uchachu huilegeza. Mpishi wa uji mchachu alikuwa ametangulia.

Atakayesema chupa si tumbo hajakosea: haina misuli wala bakteria wa utumbo, na zamani kila maabara ilichagua asidi na muda wake. Hilo la mwisho lilitafutiwa dawa mwaka 2014, watafiti wa mtandao wa INFOGEST walipokubaliana utaratibu mmoja: nyuzi 37, dakika mbili za kinywa, saa mbili za tumbo kwenye pH 3, saa mbili za utumbo kwenye pH 7. Ni tumbo la kubuni, sawa. Lakini panya aliyeaminiwa kabla yake alikuwa na tumbo halisi, na bado alipotosha.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba chupa hujibu ilichoulizwa tu. Ukitwanga mtama kinuni kama yanavyotwangwa mahindi ya muthokoi, ganda hutoka pamoja na tanini, na kipimo cha protini hupanda; kiini chenye mafuta na vitamini kinachopotea na pumba hakionekani kwenye kipimo hicho. Siku hizi Gadam, mtama mweupe usio na tanini nyingi, umeenea mashambani Makueni. Mnunuzi wake mkubwa ni kiwanda cha bia, naye anachotafuta ni wanga.