Sikukuu za Jadi za Thailand: Kalenda, Maana na Mambo ya Kuzingatia kwa Msafiri

Sikukuu za jadi nchini Thailand huongozwa na mambo matatu: jua, mwezi mwandamo na mvua. Baadhi ya sikukuu zina tarehe isiyobadilika, nyingine husogea kila mwaka, na ipo ambayo siku yake hutangazwa na mwaguzi wa kijiji. Msafiri anayekata tiketi bila kuielewa kalenda hiyo anaweza kufika wakati sherehe imekwisha, au akajikuta barabarani katika siku ambazo ajali huongezeka nchini humo.

Kalenda na misimu

Shughuli za Serikali ya Thailand hufuata miezi ya kawaida, Januari hadi Desemba, lakini miaka huhesabiwa kwa mfumo wa Kibudha unaotangulia kwa miaka 543. Hivyo, mwaka 2025 huandikwa 2568 katika nyaraka na risiti.

Sikukuu za dini hufuata mwezi mwandamo, na nyingi huangukia siku ya mwezi mpevu. Tofauti na kalenda ya Hijria, ambayo hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, kalenda ya jadi ya Thailand huongezewa mwezi mmoja katika baadhi ya miaka. Kwa sababu hiyo kila sikukuu hubaki ndani ya msimu wake, ingawa tarehe hubadilika.

Misimu ni mitatu. Joto kali huanza Machi hadi katikati ya Mei, mvua hufuata hadi Oktoba, na hali ya hewa ya ubaridi kiasi hudumu kuanzia Novemba hadi Februari. Pwani ya mashariki ya kusini mwa nchi ina utaratibu wake, kwani hupata mvua kubwa kati ya Oktoba na Desemba.

Songkran: mwaka mpya wa jadi

Songkran huadhimishwa Aprili 13 hadi 15, wakati wa kilele cha joto. Jina lake linatokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya jua kuhama kutoka kundi moja la nyota kwenda jingine. Thailand ilianza kutumia Januari 1 kuwa mwaka mpya rasmi mwaka 1941, lakini Songkran imebaki kuwa wakati wa watu kurejea makwao. Mwezi Desemba 2023, UNESCO iliiingiza sikukuu hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Wageni wengi huijua Songkran kwa watu kumwagiana maji mitaani, hasa Bangkok na Chiang Mai. Asili yake ni ya utulivu zaidi. Familia huosha sanamu za Buddha kwa maji yenye manukato, vijana huwamwagia wazee maji mikononi wakiomba baraka, na waumini hupeleka mchanga hekaluni na kuujenga kama minara midogo.

Kipindi hicho pia kina hatari zake. Serikali ya Thailand huendesha kampeni ya usalama barabarani katika kile kinachojulikana kama “siku saba za hatari”. Katika kila mwaka kati ya 2023 na 2025, zaidi ya watu 200 walipoteza maisha ndani ya siku hizo saba. Pikipiki huhusika katika ajali nyingi zaidi, na mwendo kasi pamoja na ulevi ni miongoni mwa sababu kuu. Msafiri anashauriwa kukamilisha safari ndefu kabla ya Aprili 11, kuepuka kukodi pikipiki na kukata mapema tiketi za treni na mabasi.

Sikukuu za msimu wa mvua

Mwezi Mei, wakulima wa kaskazini mashariki hurusha angani roketi za mianzi ili kuomba mvua kabla ya kupanda mpunga. Sherehe hiyo, Bun Bang Fai, ni maarufu zaidi katika mji wa Yasothon. Roketi hizo hubeba baruti, hivyo mtazamaji hapaswi kuvuka mipaka iliyowekwa.

Katika wilaya ya Dan Sai, mkoa wa Loei, hufanyika Phi Ta Khon, sherehe ya vinyago inayoangukia Juni au Julai. Vinyago hutengenezwa kwa vikapu vya kupikia wali wa kunata kwa mvuke. Siku yake huamuliwa na mwaguzi, hivyo tarehe huthibitishwa karibu na wakati wa sherehe.

Mwezi Julai watawa wa Kibudha huanza kipindi cha miezi mitatu cha kukaa hekaluni, utaratibu unaohusishwa na kuepuka kukanyaga mazao mashambani. Mji wa Ubon Ratchathani huadhimisha mwanzo wa kipindi hicho kwa maandamano ya mishumaa mikubwa ya nta iliyochongwa.

Kati ya Septemba na Oktoba, Wathai wenye asili ya China katika kisiwa cha Phuket huadhimisha siku tisa za kutokula nyama. Washiriki huvaa nguo nyeupe, na baadhi yao hujitoboa mashavu kwa vyuma kama sehemu ya ibada. Anayesafiri na watoto hana budi kulifahamu hilo mapema.

Loy Krathong na taa za angani

Loy Krathong hufanyika usiku wa mwezi mpevu wa mwezi wa kumi na mbili wa kalenda ya jadi, ambao kwa kawaida huwa Novemba. Watu huelea­za mtoni vyombo vidogo vya shina na majani ya mgomba, vyenye maua, mshumaa na vijiti vya udi, ili kuyashukuru maji na kuomba radhi kwa kuyachafua. Jijini Bangkok pekee, zaidi ya vyombo 600,000 viliopolewa baada ya sikukuu ya mwaka 2023. Inashauriwa kutumia chombo cha majani na kuepuka cha plastiki au sponji.

Mjini Chiang Mai, sikukuu hiyo huambatana na Yi Peng, ambapo taa za karatasi hurushwa angani. Urushaji huruhusiwa katika maeneo na saa maalumu tu, na baadhi ya safari za ndege hufutwa au kubadilishiwa muda. Abiria athibitishe ratiba yake na shirika la ndege.

Masharti na heshima

Uuzaji wa pombe umewekewa masharti katika siku tano kuu za Kibudha. Mwaka 2025 masharti hayo yalilegezwa kwa viwanja vya ndege vya kimataifa, hoteli na baadhi ya maeneo ya burudani.

Hekaluni, mabega na magoti yafunikwe, viatu vivuliwe, na nyayo zisielekezwe kwenye sanamu ya Buddha. Mwanamke hapaswi kumgusa mtawa.

Wasafiri wanaotoka Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wanatakiwa kuwa na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuwasili. Aidha, tangu Mei 1, 2025, kila mgeni hujaza fomu ya kuwasili kwa njia ya mtandao ndani ya siku tatu kabla ya kuingia nchini humo. Masharti ya viza yathibitishwe na Ubalozi wa Thailand kabla ya kulipia safari.