Mikono Miwili ya Kingamwili

Kingamwili za maabara, silaha dhidi ya saratani, zilizaliwa kwa msaada wa saratani yenyewe. Mwaka 1975, mjini Cambridge, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli ya panya inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyochoka kugawanyika. Chotara huyo akawa anatoa kingamwili za aina moja tu, siku nenda siku rudi. Mwaka 1984 walipata Tuzo ya Nobel.

Kingamwili ina umbo la herufi Y, na mikono yake miwili hushika kitu kilekile. Rituximab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997, hushika alama ya CD20 kwenye seli za limfoma, kisha mkia wake huziita seli za kinga zije kuua. Ila seli T nyingi, ambazo ni wauaji hodari miongoni mwa seli za kinga, hazina pa kuushikia mkia huo.

Mwaka 1985 huko California, Uwe Staerz, Osami Kanagawa na Michael Bevan waligandisha pamoja kingamwili mbili: moja ya kunasa seli T, nyingine ya kunasa seli inayolengwa. Seli T zikaua kile ambacho zenyewe hazikuwa zikikitambua. Jaribio lilikuwa la maabara tu, lakini hapo ndipo njia ilipofunguka.

Kuifikisha mbinu hiyo wodini kulichukua miaka mingi. Mjini Munich, kikundi cha Gert Riethmüller na baadaye kampuni ya Micromet waliondoa mkia, wakabakiza vishikio viwili: kimoja cha alama ya CD19 kwenye seli B, zikiwemo zile za lukemia, kingine cha alama ya CD3 kwenye seli T. Hiyo ndiyo blinatumomab. Kwa udogo wake, nusu yake hutoweka mwilini ndani ya saa mbili hivi; kwa hiyo mgonjwa wa lukemia hufungiwa pampu ndogo inayomtilia dawa usiku na mchana kwa siku 28. Anatembea nayo, analala nayo. Aliyerudiwa na ugonjwa huanza na mikrogramu 9 kwa siku, kisha 28, kwani seli T zikichachamaa zote kwa mpigo huleta homa kali na kushusha presha. Ubongo nao huweza kuguswa. Ndiyo maana katika baadhi ya wodi mgonjwa huandika sentensi moja kila siku, na muuguzi huukagua mwandiko kama umeanza kutetemeka.

Marekani iliidhinisha dawa hiyo Desemba 2014, kwa wale ambao tiba nyingine zilikuwa zimeshindwa kuwaponya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalihusu watu wazima ambao vipimo havikuona tena mabaki ya lukemia baada ya tibakemikali. Kati ya walioongezewa blinatumomab, asilimia 85 walikuwa hai baada ya miaka 3. Kati ya walioendelea na tibakemikali pekee, asilimia 68.