Fungu la kumi kwa Wayuda: kutoka shambani mpaka mfukoni

Mtu aliyevuna magunia kumi ya ngano anajua fungu la kumi: ni gunia moja. Lakini fundi wa viatu, au mwenye duka, au karani wa mshahara, atahesabu nini? Neno hili Wayuda waliulizana karne nyingi.

Katika Sheria ya Musa fungu la kumi lilitoka katika mazao ya inchi. Walevi hawakugawiwa inchi kama kabila zingine, kwa hiyo fungu lile lilikuwa riziki yao. Mkulima alitenga na fungu la pili, akalila pamoja na jamaa yake kule Yeruzalemu. Lakini mwaka wa 3 na wa 6 lilikuwa la maskini.

Mwaka 70 Waroma wakabomoa Hekalu. Baadaye Wayuda wengi walikaa katika miji ya ugenini, wachuuzi na mafundi wasio na shamba. Je, maskini wao wale nini? Ndipo desturi ya kutoa fungu la kumi la feza ilipopata nguvu.

Walimu hawakupatana kama ni amri. Yoel Sirkes wa Polonia, aliyekufa mwaka 1640, alisema ni desturi tu. Lakini Yosef Karo, katika kitabu cha sheria kilichochapwa Venezia mwaka 1565, aliweka vipimo: sehemu ya tano ni bora, ya kumi ni kadiri, na chini yake ni uchoyo. Kupita sehemu ya tano walimu wa zamani walikataza, mtoaji asije akawa mwombaji yeye mwenyewe.

Tena mwaka wa kwanza mtu anahesabu mali yake yote, halafu faida tu. Na faida ni nini? Mchuuzi akinunua nguo kwa 80 akaziuza kwa 100, na njiani alilipa wapagazi 5, faida yake ni 15, si 20. Hapo hakuna ugomvi. Ugomvi uko kwa chakula cha nyumbani na mavazi ya watoto. Walimu wengi hawakukubali viondolewe kwanza, na mimi naona walimjua mwanadamu: matumizi ya nyumba hayaishi, na kila tajiri angesema hakubakiwa na kitu.

Moshe Isserles wa Kraków alikataza feza hiyo isinunue hata mishumaa ya sinagogi: ni ya maskini. Naye maskini anayelishwa na wenzake aliambiwa atoe kidogo katika kile alichopewa.